Kofia ya Meza Arobaini na Moja

"Barua imepita langoni."

Sauti ilimfikia Traudl Eisenreich sikioni akiwa amebeba magi kumi za bia, tano kila mkono, lita moja kila magi. Hakujibu. Mtu aliyekumbatia kilo ishirini na tatu za kioo na bia hajibu redio.

Alipenya katikati ya mabenchi, akautua mzigo kwenye meza ya thelathini na nane, akajaribu kunyoosha vidole. Viligoma.

"Narudia. Barua imepita langoni. Unanipata, Ufagio?"

Aliinamisha kichwa kama anayeweka sawa kifungo cha gauni. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kipaza sauti.

"Nakupata. Usinipigie kelele."

"Sipigi kelele."

"Basi ongea taratibu. Kelele za bendi zinanitosha."

Ilikuwa Jumamosi, saa tano kasoro dakika chache asubuhi, na hema la Goldhirsch lilishajaa. Watu elfu sita, kuku wa kuchoma, figili, moshi wa mafuta. Nje jua la Munich lilikuwa likiwaka vizuri kabisa. Ndani hakuna aliyelijua.

Traudl alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ishirini na sita kati ya hiyo aliitumikia Idara ya ujasusi, katika miji ambayo mingine hakuruhusiwa kuitaja hata kwa daktari wake. Kabla ya hapo, akiwa msichana, alijisomesha kwa kubeba bia katika mahema haya haya. Ndiyo maana walimchagua. Walijua tamasha la bia lina siku kumi na sita. Hawakujua barua ingefika siku ipi.

Leo ilikuwa siku ya nane.

Siku nane za gauni la kienyeji linalobana mbavu. Siku nane za viatu vya Birkenstock vilivyolowa bia. Bastola ya Walther ilikuwa imefungwa pajani, chini ya gauni, chini ya aproni. Alipojaribu kuichomoa mbele ya mkuu wake, ilimchukua sekunde nne. Alisema ni nyingi. Mkuu alisema haitahitajika.

Mkuu huyo aliitwa Gotthard Noack. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alikuwa amekaa nje ya uwanja, ndani ya gari la Mercedes lililochorwa mikate ubavuni, akitazama picha za kamera kumi na nne.

"Wako watano," alisema Noack. "Yeye ni wa tatu. Shati jeupe, nywele fupi. Kofia ya kijani."

"Nimemwona."

Alikuwa msichana mrefu wa miaka ishirini na mbili aitwaye Svenja Brodersen, mwanafunzi wa fizikia kutoka pwani ya kaskazini. Amelala kwenye basi usiku kucha na wenzake wanne ili waje kunywa bia Jumamosi moja na warudi Jumapili. Kila mwaka wanafunzi hufanya hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi na uso wake ulikuwa na furaha tele.

Kichwani alivaa kofia mpya ya kijani yenye kishada cha manyoya ya mbuzi wa milimani. Kishada kilichomekwa kwenye mrija wa shaba, mnene kama kidole.

Ndani ya mrija huo mlikuwa na fuwele moja, ndogo kuliko punje ya mahindi.

Ilitoka katika maabara ambako Svenja alikuwa akifanya mafunzo ya kazi. Ukiiweka fuwele hiyo kwenye pua ya kombora, kombora linaona gizani, linaona ndani ya ukungu, linaona ndani ya moshi. Dunia nzima zilikuwepo sita. Sasa maabara ilikuwa na tano, na aliyeiba ya sita alikuwa mkuu wa maabara mwenyewe, Daktari Falk Ritterbusch, mwenye mke, watoto wawili, na tangu Machi, Svenja.

Idara ilikuwa ikisikiliza simu yake kwa wiki sita. Traudl aliikumbuka sauti yake ikibembeleza.

"Ni kofia tu, mpenzi. Rafiki yangu aliisahau kwangu. Si mnaenda Munich? Basi ivae. Begi kubwa hawakuruhusu kuingia nalo. Meza arobaini na moja, anaitwa Marek. Atakununulia bia."

"Atanijuaje?"

"Ataijua kofia yake."

Msichana hakujua chochote. Traudl alikuwa na hakika ya hilo kuliko alivyokuwa na hakika ya mambo mengi.

Wanafunzi walijibana kwenye meza ya arobaini na moja. Mmoja wao, kijana mwenye masikio makubwa aitwaye Hauke, alikuwa amevaa kaptula ya ngozi ambayo haikuwa ngozi. Ilikuwa plastiki, na ilikuwa ikilia kila anapokaa.

"Mama, meza arobaini na moja ndiyo hii?" aliuliza Svenja.

"Ndiyo hii. Mnakunywa nini?"

"Mna nini?" aliuliza Hauke.

"Bia."

"Bia za aina gani?"

"Za kwenye magi."

Kutoka meza ya arobaini, mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Kaspar Weigl, muuza nyama mstaafu. Kila siku tangu tamasha lianze alikaa mahali pale pale, na kofia yake ya kijani, na fimbo yake, na neno la kumwambia kila mpita njia.

"Waprusi hao," alimwambia Traudl, kwa jina ambalo watu wa Munich huwaita wa kaskazini. "Nawajua kwa maswali." Kisha akamgeukia Svenja. "Binti, nani kakuvisha mbuzi kichwani? Kwenu si mnavaa samaki?"

"Samaki tunamla, mzee. Mbuzi wenu ndiyo tumeshindwa kumla, tukaona tumvae."

Meza ya arobaini ililipuka kwa kicheko. Mzee Weigl aligonga fimbo chini kwa furaha. "Sogea huku, Mprusi. Wewe unafaa."

Traudl aliondoka kwenda kaunta. Nyuma yake vicheko viliendelea. Aliporudi na magi tano, Svenja alikuwa ameshakaa mahali pake, kofia kichwani, anapangusa machozi ya kucheka, na mzee Weigl alikuwa akiapa kwamba hajafurahi hivi tangu mkewe afariki.

Hakuuliza wamecheka nini. Miguu ilikuwa inawaka moto.

"Ufagio. Mlango wa kusini. Koti la kijivu."

"Naona."

Marek Halas alikuwa na pasipoti nne za nchi nne, na katika picha za pasipoti zote alikuwa anatabasamu vile vile. Alipita katikati ya watu bila kumgusa mtu. Hilo lenyewe lilikuwa jambo la ajabu katika hema lile.

"Wewe bila shaka ni Svenja," alisema. "Falk amenisimulia habari zako."

"Bwana Halas?"

"Niite Marek. Hawa ni wenzako? Basi nisogezeeni kidogo. Mama, bia mbili. Moja yangu, moja ya huyu binti."

"Nina yangu bado," alisema Svenja.

"Utaimaliza. Uko likizo."

Traudl alichukua oda. Njiani alisema na Noack kwenye kifungo.

"Amefika. Kofia bado haijatoka."

"Sawa kabisa. Sikiliza, Ufagio. Halas anaichukua kofia, Halas anatoka, sisi tunamfuata hadi kwa mkubwa wake. Wewe humgusi. Hakuna anayemgusa."

"Na msichana?"

"Msichana atamalizia wikendi yake. Polisi watazungumza naye Jumatatu."

Traudl alitia magi mbili mkononi, akarudi. Aliziweka mezani. Akageukia meza ya pembeni, akaanza kukusanya sahani chafu, mgongo wake kwa Halas. Mbele yake, kwenye nguzo, kulikuwa na bango la bati lililong'arishwa. Lilimwonyesha meza nzima, imepinda kidogo.

Bendi ilipiga wito wa kunyanyua magi. Watu elfu sita walisimama kwa mpigo. Hauke alipanda juu ya benchi, plastiki ikalia. Wote waliinua macho.

Mkono wa Halas ulipita juu ya magi ya Svenja. Ulipita mara moja, kama mtu anayefukuza nzi.

Watu walikaa.

Traudl aligeuka polepole, sahani mikononi. Alizitazama magi mbili alizozileta dakika mbili zilizopita kutoka pipa moja. Kwenye magi ya Halas povu lilikuwa limesimama, nene, jeupe. Kwenye magi ya Svenja povu lilikuwa limekufa. Lote. Bia ilikuwa wazi kama chai.

Alibeba bia akiwa na miaka kumi na tisa na anaibeba sasa. Povu halifi hivyo lenyewe.

Alirudi nyuma hatua tatu, kwenye kelele za bendi.

"Noack. Ameweka kitu kwenye bia ya msichana."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Labda dawa ya usingizi. Anataka apate muda wa kuondoka."

"Hahitaji dawa ya usingizi ili apewe kofia. Anampa mwenyewe, kwa mkono wake."

Kisha Traudl alimweleza kitakachotokea. Nyuma ya mahema kulikuwa na mteremko wa nyasi ambako waliolewa walikwenda kujilaza. Saa sita mchana tayari wangekuwa wamelala thelathini, jioni mia tatu. Ungemshika msichana kiunoni, ukamkokota mbele ya macho ya watu, ukimcheka kidogo, na kila mtu angekupisha njia. Ungemlaza pale kwa upole, na koti lake juu yake. Nani angemgusa kabla ya giza?

"Yeye ndiye anayemjua Ritterbusch na anayemjua Halas," alisema Traudl. "Hawakusudii arudi na lile basi."

"Watu wa huduma ya kwanza wako mita mia mbili," alisema Noack. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Akianguka watamwahi. Ufagio, tumehangaikia hili mwaka mzima. Tukimshtua sasa, mkubwa wake anapotea. Usiguse ile magi. Hiyo ni amri."

Miaka kumi na moja iliyopita, katika hoteli moja mjini Linz, alipewa amri kama hiyo. Akakaa kwenye gari, mkono kwenye mlango, akatii. Tarishi aliyekuwa chumba cha juu aliitwa Benno na alikuwa na kigugumizi; hakushuka akiwa hai. Idara ilimpa Traudl cheti cha utumishi mwema. Bado hakujua alikiweka wapi.

Svenja alimaliza magi yake ya kwanza. Akaisukuma kando. Akavuta ya pili.

Traudl alichoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu. Alitembea hadi mezani, akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa magi.

"Hii inarudi."

Svenja alimtazama. "Kwa nini, mama?"

"Haijafika mstari. Tazama. Imepungua vidole viwili."

"Iko sawa tu," alisema Halas akitabasamu. "Mwache anywe."

"Katika meza zangu mtu hanywi bia pungufu."

"Nimesema iko sawa, mama."

"Mkweli huyo mama!" alidakia mzee Weigl kutoka meza ya jirani. "Wanatuibia miaka yote. Irudishe, irudishe, wajaze kama watu."

"Irudishe," alisema Hauke.

Traudl aliinua magi. Halas aliinua macho. Walitazamana, na tabasamu la pasipoti nne likabaki mdomoni lakini halikuwepo tena machoni.

Ameshajua, aliwaza Traudl. Basi na ajue.

"Ufagio, umefanya nini?" ilisema sauti sikioni. "Traudl. Umefanya nini?"

Halas alisimama. Kwa upole alimvua Svenja kofia, akaivaa. "Asante kwa kunitunzia. Mwambie Falk ninamshukuru." Akaondoka.

Hakukimbia. Watu wa aina yake hawakimbii.

Traudl alimfuata, magi mkononi. Hakuna kinga bora katika uwanja ule kuliko mhudumu mwenye bia. Walinzi walimpisha. Walevi walimpisha. Mtu mmoja alijaribu kuinunua.

"Ametoka mlango wa magharibi," alisema Noack. Sasa alikuwa akipiga kelele kweli. "Timu ya pili, mfuateni. Kofia ya kijani yenye kishada. Narudia, kofia ya kijani."

"Ipi?" ilijibu sauti ya timu ya pili.

"Yenye kishada."

"Bosi, naona kama mia tatu."

Jua lilimpiga Traudl usoni. Mbele yake njia kuu ilikuwa mto wa watu. Kofia za kijani, vishada, kaptula za ngozi, watoto mabegani, puto. Alisimama juu ya ngazi na kuacha kutafuta kofia. Alitazama miguu.

Kila mtu pale alikuwa akiyumba, akisita, akigeuka kumngoja mwenzake.

Mtu mmoja tu alikuwa akitembea kwenye mstari ulionyooka.

"Anazunguka nyuma ya hema," alisema kwenye kifungo. "Kwenye mapipa."

"Usimwendee peke yako."

"Nitume nani?"

Alipita mteremko wa nyasi. Kumi na wawili walishalala, mmoja na kiatu kifuani. Alipita choo, akapita gari la barafu. Goti lake la kushoto lilikuwa likimwambia mambo ambayo hakutaka kuyasikia. Kati ya ukuta wa turubai na uzio kulikuwa na kichochoro, na mapipa matupu yamepangwa hadi juu ya kichwa.

Halas alikuwa amesimama katikati yake. Amechomoa kishada kutoka kwenye kofia. Alikuwa ameupindua mrija wa shaba juu ya kiganja na kuupigapiga, kama mtu anayetafuta chumvi ya mwisho.

Kiganja kilikuwa kitupu.

Aligeuka. Kwa mara ya kwanza hakuwa anatabasamu.

"Iko wapi?" aliuliza.

Traudl hakuelewa swali hilo. Hakuonyesha kwamba hakulielewa.

"Umesahau bia yako," alisema.

"Si yangu."

"Umelipia wewe. Kunywa."

"Mama, wewe ni mtu mzima. Rudi ukahudumie."

"Kunywa funda moja tu. Nami nitarudi."

Mkono wa kulia wa Halas uliingia ndani ya koti.

Sekunde nne, aliwaza Traudl. Hakuigusa Walther.

Alimwagia bia machoni. Lita nzima kasoro vidole viwili. Halas alifumba macho, akapepesuka, bastola ikatoka kwenye koti ikiwa imeelekea chini, bomba refu la kuzima sauti likikwama kwenye bitana. Traudl alishika magi kwa mpini kama alivyoshika magi laki moja maishani mwake, akaipiga kwenye kifundo cha mkono.

Magi haikuvunjika.

Kifundo kilivunjika, damu ikarukia gauni.

Bastola ilidondoka kati ya mapipa. Halas alipiga goti, akatema mate, akatema tena, akijipangusa midomo kwa mkono mzima kwa hofu ya mtu anayejua kilichomo. Kufikia wakati huo Walther ilikuwa imetoka. Ilichukua sekunde tano.

"Kaa chini," alisema Traudl. "Na mimi ninataka kukaa."

Alikaa juu ya pipa. Timu ya pili iliwakuta hivyo, mmoja chini, mmoja juu ya pipa, na magi kati yao yenye kijiko kimoja cha bia chini. Kijiko hicho kingetosha kwa maabara.

"Kofia ninayo," alisema Traudl kwenye kifungo. "Fuwele haimo."

"Haimo vipi?"

"Haimo, Noack. Mrija ni mtupu."

Halas, uso chini, mikono imefungwa, alicheka. "Kwa hiyo hata ninyi hamnayo," alisema. "Vizuri. Nendeni mkatafute. Kofia mia tatu."

Noack alianza kuhesabu kwa sauti: basi, vituo vya njiani, wanafunzi wanne, vyoo, Ritterbusch mwenyewe. Alitaka uwanja ufungwe. Traudl alikitoa kidude sikioni kwa muda ili apate kufikiri.

Aliitazama kofia iliyokuwa mikononi mwake. Ilikuwa ya kijani. Lakini utepe wa ndani ulikuwa mweusi kwa jasho la miaka, na pembeni palikuwa na doa la mafuta la kale.

Jasho la miaka. Kofia ambayo Svenja alipita nayo langoni ilikuwa mpya.

Vicheko. Sogea huku, Mprusi.

Alisimama. Goti lililalamika. Alitembea.

Kwenye meza ya arobaini mzee Weigl alikuwa amelala. Alikuwa ameegemeza shavu mezani, kati ya mifupa ya kuku na nusu ya mkate wa chumvi, na chini ya shavu, kama mto, alikuwa amekunja kofia ya kijani mpya kabisa.

"Mlibadilishana kofia?" Traudl alimwuliza Hauke.

"Yeye ndiye aliyetaka. Alisema Mprusi akivaa kishada kibichi ni aibu kwa mji mzima, lazima avae kilichonyeshewa mvua." Hauke alimtazama kwa wasiwasi. "Mama, gauni lako lina damu."

"Si yangu. Svenja yuko wapi?"

"Kaenda kunawa. Yule Marek harudi?"

"Hapana."

Alifungua aproni, akaikunja mara nne. Aliinua kichwa cha mzee kwa viganja viwili, polepole, kama anayeinua mtoto mchanga. Akatoa kofia, akaingiza aproni. Mzee alisema jina la mwanamke, akaendelea kulala. Kofia yake halisi Traudl aliiweka karibu na mkono wake, na kishada mahali pake.

Alipindua mrija wa shaba chooni, mlango umefungwa. Pamba kidogo. Ndani ya pamba, punje ya mwanga.

Alikirudisha kidude sikioni.

"Ninayo."

Noack alijibu kwa sauti ya mtu wa ofisini tena: "Ritterbusch amekamatwa nyumbani kwake dakika kumi zilizopita. Alikuwa anapika na watoto. Mkubwa wa Halas amezima simu. Tumempoteza. Nitalazimika kuandika kwamba ulikiuka amri."

"Andika."

"Na kwamba umeokoa fuwele."

"Hiyo aliiokoa muuza nyama."

Svenja alikuwa ameketi juu ya kreti nyuma ya jiko, ambako wapishi huvutia sigara. Maafisa wawili wenye mashati ya kawaida walisimama mbali kidogo naye. Walikuwa wamemweleza. Wamemweleza vibaya, kwa haraka, kama watu wanavyosoma masharti ya bima.

Traudl alikaa kreti ya pili. Alivua viatu.

"Wewe si mhudumu," alisema Svenja.

"Nimekuwa mhudumu. Siku nane."

"Wanasema Falk ameiba. Kwamba mimi nilibeba."

"Ulibeba kofia. Nitaliandika hivyo, na sahihi yangu bado ina maana kidogo."

Msichana alikuwa akikunja na kukunjua karatasi ya mkate wa chumvi. Ndani bendi ilianza tena, ngoma ikapita kwenye turubai hadi kwenye mbao walizokalia.

"Ile bia," alisema. "Ile uliyoichukua."

"Ndiyo."

"Falk alijua?"

Traudl alikuwa amefunzwa kusema uongo katika lugha tano. Aliwaza uongo mzuri, mfupi, ambao msichana angeweza kulala nao. Kisha akawaza jinsi, miaka mingi baadaye, atakavyoupata ukweli kwenye faili fulani au mahakamani, akiwa peke yake, bila mtu wa kukaa naye kwenye kreti.

"Alijua," alisema. "Tumesikia simu. Jana saa kumi jioni Halas alimwambia hutarudi. Hatukuelewa maana yake. Tulidhani anasema hutarudi maabara."

"Na yeye alijibu nini?"

"Aliuliza kama utaumia."

Svenja hakulia. Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali maelekezo ya njia. "Ningeinywa yote," alisema. "Nilikuwa na kiu."

"Najua."

"Sasa nifanyeje?"

"Basi lenu linaondoka lini?"

"Kesho saa nne."

"Lipande. Kaa karibu na yule mwenye kaptula ya plastiki. Ni mjinga, lakini aliona damu kwenye gauni langu na akauliza. Si wengi wanaouliza." Alivaa viatu. Kimoja kilikataa, akakibeba. "Leo wapigie nyumbani kwenu kabla ya polisi. Waambie mwenyewe."

Aliinuka. Mmoja wa maafisa alisogea.

"Bi Eisenreich, Bwana Noack anataka ripoti yako saa nane kamili. Na msimamizi wa hema anakutafuta. Anasema meza ya thelathini na nane wamesubiri bia nusu saa."

Traudl alitoa kidude sikioni. Alikata kifungo cha pili cha gauni kwa ukucha. Akaviweka vyote kwenye kiganja cha afisa, pamoja na Walther na funguo za kabati la wahudumu.

"Mwambie Noack nitaandika nikiamka."

"Na meza ya thelathini na nane?"

"Wewe una mikono miwili."

Alipita kati ya mahema, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akaingia njia kuu. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo mji mzima huingia uwanjani. Walimjia kwa maelfu kutoka stesheni ya treni za chini, wamechana nywele, mashati yamepigwa pasi, wanaimba kabla hawajanywa. Traudl alitembea dhidi yao, pembeni, karibu na uzio. Hakumpisha mtu. Hakuharakisha.

Kijana mmoja mwenye kofia mpya ya kijani alitanua mikono mbele yake.

"Mama, umepotea. Sherehe iko huku."

"Najua," alisema, akampita.